Twende kwa Miguu: Kutoka Mnazi Mmoja Hadi Kwenye Mikoko ya Salenda

Ndugu msomaji, safu hii imekwisha kusema mengi juu ya jiko, ada za shule na magomvi ya wapangaji wanaotumia ua mmoja. Leo natutoke nje. Sizungumzi habari za Mikumi wala Bagamoyo, kwani najua kwamba ifikapo tarehe 20 ya mwezi mfuko wa mfanyakazi huwa umebakiwa na mshono tu. Nazungumza habari za kutembea kwa miguu, baba, mama, watoto, na bibi akiwapo, katika bustani na kandokando ya maji ya jiji hili hili la Dar es Salaam, na kurejea nyumbani kabla giza halijaingia.

Barua iliyonisukuma kuandika haya ilitoka kwa mama mmoja wa Manzese. Mumewe ni mfanyakazi wa zamu kiwandani. Hutoka alfajiri watoto wakiwa wamelala, hurudi usiku watoto wakiwa wamelala. Jumapili ndiyo siku yake moja tu ya kupumzika, naye hulala mpaka saa 4, kisha hujinyoosha na kwenda zake baoni. Mtoto wao mdogo ana miaka 4. Siku moja jirani alimwuliza, “Baba yako yuko wapi?” Mtoto akajibu, “Baba ni yule anayelala.” Mkubwa wao ana miaka 9, amezaliwa Dar es Salaam, anasoma Dar es Salaam, wala hajapata kutia mguu wake katika maji ya bahari.

Mama huyu hakuomba ushauri wa kumgombeza mumewe. Aliuliza swali dogo tu, nalo nimelibeba moyoni kwa majuma mawili: “Twende wapi sisi tusio na gari, mahali ambapo hatutafilisika, na mume wangu asione kwamba ninampa kazi nyingine?”

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu wengi wetu hatukulelewa kuona kutembea kuwa ni burudani. Kutembea ni kwenda kisimani, ni kwenda shamba, ni kwenda kituoni kugombea gari. Mtu atembeaye pasipo kutumwa huulizwa kulikoni. Isitoshe, jiji letu halikupangwa ili mzee wa Kariakoo na wajukuu wake wapunge upepo wa bahari. Tuanzie hapo basi, maana mahali penyewe pa kuanzia matembezi yetu pana habari hiyo.

Shukeni Mnazi Mmoja. Karibu kila mtaa wa jiji hili una gari liendalo Kariakoo au Posta, na Mnazi Mmoja iko katikati ya hapo. Simameni penye uwazi, mwangalie upande wa magharibi ilipo Kariakoo na upande wa mashariki ilipo mitaa ya maduka iendayo bandarini. Uwazi huu haukuachwa kwa bahati. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliusafisha uwe mpaka kati ya makazi ya Waafrika na mitaa ya Wahindi. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Mji uligawanywa mafungu matatu: Wazungu upande wa baharini penye upepo, Wahindi katikati, Waafrika nyuma. Mwelezeni mtoto wa darasa la nne jambo hilo mahali penyewe, akiwa amesimama juu ya huo mpaka, naye atalielewa kwa dakika 5 kuliko atakavyolielewa darasani kwa muhula mzima. Kisha mwambieni kwamba viwanja hivi hivi vilivyowekwa kututenga ndivyo vilivyokuja kuwa mahali pa mikutano ya kudai uhuru, na kwamba mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama hapo kwa sababu hiyo. Msikae sana, jua halina huruma na kivuli ni haba.

Fuateni sasa barabara kuelekea mjini mpaka Sanamu ya Askari. Watu wazima tunaipita kila siku kama tupitavyo nguzo ya umeme, lakini mtoto hataipita. Ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na chini yake kuna maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini na tena kwa herufi za Kiarabu, mbali na Kiingereza. Mwenye bibi au babu aliyepitia chuoni ana bahati hapa: amwombe asome zile herufi za Kiarabu kwa sauti, na watoto wafuatishe kwa zile za Kilatini. Nimeona mzee mmoja akifanya hivyo mbele ya wajukuu wake, na wale wajukuu, ambao dakika chache nyuma walikuwa wakilia njaa, walinyamaza kimya. Neno wapagazi nalo msilipite. Waingereza waliwaita wabeba mizigo wao “Carrier Corps,” na mahali kikosi hicho kilipokuwa na kambi yake tukapaita Kariakoo. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo anastahili kujua kwamba jina la mtaa wake ni jina la watu waliobeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao.

Kutoka hapo Barabara ya Samora itawapeleka moja kwa moja mpaka Bustani ya Botaniki. Sehemu hii ya mji Jumapili huwa kimya, maduka yamefungwa, na watoto waweza kutembea mbele kidogo bila kushikwa mkono, jambo ambalo kwa mtoto wa Manzese ni sikukuu tosha.

Bustani yenyewe ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Hawakuipanda kwa ajili ya kupunga upepo. Ilikuwa shamba la majaribio: walitaka kujua mimea gani ya ng’ambo itakubali udongo wetu na kuwatajirisha. Msimamizi wake wa mwanzo alikuwa Stuhlmann, aliyekuwa mkuu wa kilimo wa koloni. Zamani ilikuwa kubwa zaidi kuliko tunavyoiona leo. Imemegwa mara kwa mara, hata Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yamesimama jirani katika eneo lililokuwa lake. Ni miongoni mwa bustani chache nje ya visiwa vya Shelisheli ambako ulipandwa ule mnazi wa ajabu uzaao mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani, mbegu yenye uzito wa kilo 20 hivi, ambayo huchukua miaka 6 au 7 kukomaa mtini. Mama mjamzito asiyeweza kungoja miezi 9 na afikiri habari hiyo.

Hapa ndipo pa kukaa. Tandikeni kanga chini ya kivuli, toeni chupa ya chai na maandazi. Sitawafundisha kula. Bali nitamwambia baba jambo moja. Usilale. Najua kivuli kinaita, na mwili wako una deni la juma zima. Lakini saa moja hii ndiyo iliyokuleta. Chukua jani la mti wowote, mpe mtoto, mwambie alete jingine linalofanana nalo. Atazunguka bustani nzima na kurudi na majani 6, yote si yenyewe, na kila jani litakuwa na maswali yake. Huna haja ya kujua majina. Baba wengi huogopa kutembea na watoto kwa kuwa wanahofia kuulizwa wasiyoyajua. Neno “Sijui, hebu tutazame pamoja” halipunguzi heshima ya baba hata kidogo. Mimi naona huiongeza.

Walio na mtoto mchanga au mzee mwenye magoti mabovu waweza kuishia hapa, wakaingia Makumbusho kama wana nauli ya ziada ya kiingilio, na wakarudi nyumbani wakiwa wametimiza matembezi kamili. Wenye nguvu na waendelee, maana maji hayajaonekana bado.

Shukeni kuelekea baharini mpaka Hospitali ya Ocean Road, lile jengo jeupe lililokamilishwa mwaka 1897. Mwaka huo huo na uliofuata Robert Koch, daktari Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifanya kazi Dar es Salaam akichunguza malaria. Hospitali ile ilikuwa ya Wazungu. Leo ndiyo taasisi yetu ya kutibu saratani, na kwa hiyo mkipita hapo punguzeni kelele; ndani mna wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi, na jamaa zao huketi nje kungoja. Nimewahi kuona watoto wakiwaamkia wale wazee waliokaa ukutani, “Shikamoo babu, shikamoo bibi,” mmoja baada ya mwingine, na nyuso zile zilizochoka zikachangamka kujibu marahaba. Ikulu haiko mbali na hapo. Kamera na simu za kupigia picha ziwekeni mfukoni mkiwa upande huo, msije mkaharibu Jumapili yenu kwa kujieleza mbele ya askari.

Sasa bahari. Barabara ya pwani iliyoitwa Ocean Road, na tangu mwaka 2013 ikabadilishwa jina kuwa Barabara ya Barack Obama, inakwenda kandokando ya ufukwe mpaka Hospitali ya Aga Khan. Mivinje inavuma juu, mchanga uko chini, na mbele meli zinangoja zamu ya kuingia bandarini. Mwacheni yule wa miaka 9 avue viatu. Msimharakishe.

Kuna elimu moja ya bure ambayo wazee wetu wa pwani walikuwa nayo na sisi wa vyumba vya kupanga tumeipoteza: kuyajua maji kwa kuutazama mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hiyo ndiyo bamvua. Katika bamvua bahari yetu hujaa sana yapata saa 10 au saa 11 alasiri, na hupwa mbali sana yapata saa 4 au saa 5 asubuhi. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu. Mambo hugeuka, maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, wala hayaendi mbali. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo mama akitaka watoto wachezee maji karibu na ukingo wa barabara alasiri, na achague Jumapili iliyo karibu na mwezi mpevu. Akitaka kuwaonyesha viumbe wa matopeni wakati jua limepoa, na achague Jumapili ya mwezi nusu. Mpeni mtoto kalenda na penseli, achore umbo la mwezi kila usiku kwa majuma mawili kabla ya safari. Yeye ndiye atakayewaambia siku ya kwenda.

Nasema viumbe wa matopeni kwa sababu hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye utamu wa matembezi yote haya. Mkifika Aga Khan mtaliona Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwezi Machi mwaka 2022. Daraja lenyewe lina urefu wa kilometa 1.03, limepita juu ya maji kwenda upande wa Coco, nalo lina njia ya waendao kwa miguu. Watu huenda kupiga picha za taa zake. Nyinyi tazameni upande wa pili, upande wa bara, mtaona Daraja la Salenda la zamani, lililojengwa mwaka 1929 na kupewa jina la Selander, mkuu wa kwanza wa idara ya ujenzi wa Tanganyika. Na kati ya madaraja haya mawili na nyuma yake kuna mikoko.

Mtu apitaye Salenda ndani ya daladala huona majani tu na kuziba pua. Apitaye kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa, huona mji mwingine. Ile yenye mizizi iliyopindika kama miguu ya buibui ndiyo mikoko yenyewe. Ile ambayo chini yake tope limechomoza vijiti maelfu kama penseli zilizochomekwa ni michu, na vile vijiti ni mizizi iliyotoka juu kutafuta hewa, kwa sababu ndani ya tope lile hewa haimo. Mbegu ya mkoko humea ingali imeshikana na mama yake. Hurefuka kama mkuki, kisha hudondoka na kujichoma topeni, au huelea na kwenda kuanza maisha pengine. Chini yake wamo kaa wadogo, na katika dume gando moja ni kubwa kama mwili wake wote, hulipunga juu na chini kama mtu aitaye gari. Wamo samaki wadogo ambao maji yakitoka hawafuati maji bali hubaki wakirukaruka juu ya tope kwa mapezi yao. Hawa hawahitaji maelezo. Mtoto akiwaona mara moja hamtaondoka hapo upesi.

Na yaelezeni pia manufaa, maana sisi ni watu wa kazi na twapenda kujua kitu kina kazi gani. Boriti za mikoko ya pwani yetu zilisafirishwa kwa majahazi kwa karne nyingi kwenda Uarabuni na Ghuba kuezekea nyumba. Upana wa vyumba vya kale huko ulifuata urefu wa boriti. Magome ya mkandaa yalitiwa rangi ngozi na nyavu. Kamba na samaki wengi wanaouzwa soko la Feri walikulia utotoni katika mizizi ya namna hii. Mikoko hulishika tope lisiende, na hulipunguza nguvu wimbi lisije. Msishuke topeni. Tazameni mkiwa juu ya njia, kwa sababu mbili: tope lile si safi, nami nitaeleza kwa nini, na pwani ile ikiwa tupu wamo vijana wasio na kazi njema. Tembeeni palipo na watu, na ifikapo saa 12 jioni muwe mmekwisha kushika njia ya nyumbani.

Ndege nao wapo: yangeyange weupe juu ya matope, na kunguru kila mahali. Hapo fanyeni mchezo. Kunguru mwenye kifua cheupe ni mwenyeji wetu wa asili. Yule mwenye shingo ya kijivu ni wa kutoka India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akavuka, akazaana, na sasa anakula makinda na mayai ya ndege wengine mpaka baadhi yao wametoweka mjini. Wapeni watoto kazi ya kuhesabu: wenyeji wangapi, wageni wangapi? Sitawatajia jibu, hesabuni wenyewe.

Sasa nieleze lile la tope. Maji yanayotoka hapo Salenda ni ya Mto Msimbazi, uanzao katika vilima vya Pugu na kupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani kabla ya kuingia baharini. Msomaji wangu wa Manzese, wa Magomeni, wa Tabata, huu ndio mto wako, ingawa huenda hujapata kuuita mto. Tunauita bonde, au dampo. Takataka ya kiwanda, ya machinjio na ya vyoo vyetu wenyewe hukutana humo na kuja kulala miguuni pa mikoko. Mwezi Desemba mwaka 2011 mto huo ulikumbusha jina lake. Mvua ilinyesha kwa siku chache tu, ukafurika, na watu zaidi ya 40 wakafa katika jiji hili. Familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Tangu hapo umefurika tena na tena, ukafunika barabara ya Jangwani na kusimamisha mabasi.

Mwaka 2022 ulipitishwa mradi mkubwa wa kulitengeneza bonde lile kwa fedha zilizokopwa Benki ya Dunia: kuchimba mto, kujenga daraja la juu la Jangwani, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Waliokuwa na nyumba humo walithaminiwa, wakalipwa, nyumba zikabomolewa. Mimi napenda bustani, kama mlivyoona. Lakini nilipopita ukingoni mwa mahame yale na kuona sakafu za vyumba zingali na alama ya mahali kitanda kilipokuwa, nilijiuliza neno ambalo nataka na wewe ujiulize ukiwa umeshika mkono wa mwanao pale Mnazi Mmoja. Karne moja iliyopita palisafishwa mahali kwa sababu ya afya, na uwazi uliopatikana ukawa mpaka wa kutufungia nje. Safari hii, bonde likisafishwa, nani atatembea humo? Yule mama aliyehamia Mabwepande atapata nauli ya kuja kuketi kwenye benchi palipokuwa na jiko lake? Kutakuwa na lango na mkata tiketi? Na je, yule mtu wa Kigogo, ambaye nyumba yake haikubomolewa na ambaye huvuka daraja la mbao kila asubuhi, atapewa njia nzuri ya kupitia? Jibu halimo katika michoro peke yake. Limo pia katika desturi yetu. Mahali ambapo familia zimezoea kutembea ni vigumu kupazungushia ukuta usiku mmoja. Mahali ambapo hapana aendaye huuzwa, na wenyeji hupata habari waonapo mabati.

Kila mtaa wa jiji hili una mzee awezaye kukuonyesha gereji au ukumbi na kusema, “Hapa ndipo tulipokuwa tukicheza mpira.” Hivyo nawapa zoezi, nalo halihitaji nauli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Jumapili moja ambayo mvua imewazuia kwenda mbali, shukeni mto au kijito kilicho karibu nanyi, mwacheni mtoto ahesabu hatua 80 za baba kutoka ukingoni, kisha aandike daftarini aliyoyakuta: nyumba ngapi, miti mingapi, majalala mangapi. Wasiguse maji. Hesabu hiyo ipelekeni kwa mjumbe wenu au kwenye mkutano wa mtaa. Watoto wa nyumba kumi wakifanya hivyo, mwenyekiti atakuwa na karatasi mkononi ambayo hata ofisi nyingi hazina.

Nirudi kwa mama wa Manzese, maana yeye ndiye mwenye barua. Mama, usimwamshe. Mwache alale mpaka saa 4 kama kawaida yake, umpe chai, na usitaje neno matembezi, kwa sababu neno hilo lina harufu ya kazi. Mtoto mdogo ndiye amwombe. Ondokeni saa 8 na nusu, jua likianza kuinama. Kutoka Manzese basi la mwendokasi litawafikisha mjini bila kubadilisha gari. Safari ya kwanza msifuate njia yote niliyoieleza. Shukeni Posta ya Zamani, mvuke kwenda ukingoni mwa bandari karibu na kanisa la Azania Front, na mtembee taratibu kandokando ya maji mpaka Feri. Haifiki hata kilometa moja na nusu. Mtaona pantoni zikivuka kwenda Kigamboni, na wavuvi wakigawana samaki. Hapo mumeo atakuta wanaume wenziwe, atauliza bei ya changu, atapinga, atacheka. Mpe yule mdogo ambebe mabegani ili aone meli. Bao halitahama, litamkuta jioni.

Akiipenda safari hiyo, mara ya pili mwende Botaniki. Mikoko iwe ya tatu, katika Jumapili ya mwezi nusu.

Vya kuchukua ni vichache. Maji ya kunywa chupa mbili kubwa, si moja. Kanga mbili, moja ya kukalia na moja ya kumfunika atakayelala. Kofia za watoto. Mihogo ya kukaanga na madafu mtayapata Coco mkivuka daraja, lakini msiwategemee wauzaji kwa chakula chote, kwani watoto watano na wachuuzi kumi ni hesabu isiyofungika. Mfuko mtupu wa kurudishia maganda. Miezi ya Desemba hadi Machi joto ni kali, ondokeni alasiri zaidi. Juni hadi Septemba kusi huvuma, bibi achukue shali. Na viatu viwe vyenye kamba au mkanda wa nyuma. Ndara hukatika, na kutoka Botaniki mpaka Salenda siku ya Jumapili hutampata fundi.